Kundi la mtandaoni kwa chama cha wagonjwa: linasaidia wapi, linaharibika wapi

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha watu wanaoishi na kisukari. Tuko karibu 200 na tunakutana mara moja kwa mwezi. Vijana wanataka tufungue kundi la mtandaoni ambamo kila mtu anaweza kuuliza na kujibu muda wowote. Wazee hawataki. Wanasema litaleta uzushi, ugomvi na kuanika siri za watu. Nani yuko sahihi? Na tukifungua, tufanyeje lisituharibikie?

Ndugu Katibu,

Pande zote mbili zina hoja, na kwa hakika zinazungumzia jambo moja. Kundi la mtandaoni lina nguvu kwa sababu yeyote anaweza kujibu, saa yoyote, mbele ya wote. Huharibika kwa sababu hiyohiyo. Mwenye wasiwasi saa nane za usiku anapata mtu aliye macho wa kumjibu, lakini hakuna aliyempima huyo aliye macho kama anachosema ni sahihi. Kwa hiyo msipoteze mkutano mzima mkibishana kama mtandao ni mzuri au mbaya. Waulize wanachama: nani atalilea kundi hili kila siku? Mkipata watu watatu walio tayari kutoa angalau nusu saa kila mmoja kwa siku, kwa mwaka mzima, fungueni. Mkiwakosa, bakini na mkutano wenu wa kila mwezi, maana kundi la wagonjwa lisilo na mlezi ni afadhali lisiwepo.

Linasaidia wapi

Nianze na faida, kwa sababu wanaopinga mara nyingi hawajaonyeshwa kitu ambacho mkutano wa ana kwa ana hauwezi kukifanya. Katika watu 200, mjamzito mwenye kisukari huenda ni mmoja. Dereva wa lori anayesafiri usiku huku akijichoma insulini huenda ni mmoja. Mzazi wa mtoto wa miaka minne mwenye kisukari aina ya kwanza, vivyo hivyo. Wote hao huja mkutanoni, wakasikiliza mada ya lishe, wakarudi nyumbani bila kukutana na mtu wa hali yao. Kundi likipokea pia wanachama wa vyama vingine, mjamzito anampata mjamzito na dereva anampata dereva. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kufungua.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha mwaka 1973 kwa nini watu tusiowazoea sana wana msaada wa namna yake. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra. Sababu inaeleweka. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua na anakwenda kliniki unayokwenda. Aliye mbali kidogo ndiye mwenye habari ambayo bado haijakufikia, na kundi la mtandaoni limejaa watu wa aina hiyo.

Kuna pia maarifa ya kuishi na ugonjwa, ambayo ni tofauti na maarifa ya kuutibu. Daktari anajua dozi. Aliyeishi na kisukari miaka 20 anajua namna ya kumweleza mwajiri kwamba unahitaji dakika kumi za kula, namna ya kubeba insulini safarini, na cha kufanya ukiwa umealikwa mahali na chakula kimechelewa saa tatu. Maarifa haya yakiandikwa kwa uangalifu yanaweza hata kuisaidia sayansi. Mwaka 2008 utafiti mdogo ulidai kwamba dawa ya lithiamu inapunguza kasi ya ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli hadi kuua. Katika jamii ya mtandaoni ya wagonjwa iitwayo PatientsLikeMe, iliyoanzishwa mwaka 2004, waliokuwa wakiitumia dawa hiyo hawakuishia kupeana matumaini. Waliandika dozi zao na hali zao, zikalinganishwa na za wenzao wasioitumia, na mwaka 2011 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature Biotechnology: lithiamu haikupunguza kasi ya ugonjwa. Jibu hilo lilivunja moyo, lakini lilikuwa jibu la kweli, na lilipatikana kwa sababu watu waliandika vipimo badala ya kuandika "mimi imenisaidia". Mkitaka kundi lenu liwe na thamani, wazoesheni wanachama kuandika hivyo tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine huwachanganya viongozi wengi: ukimya. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alitoa kadirio ambalo hadi leo hutumika kama kipimo cha haraka. Katika jamii nyingi za mtandaoni, watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yaliyomo. Kwa chama chenu, hao ni watu wawili wanaoandika sana, 18 wanaoandika kidogo na 180 wanaosoma. Msiwasumbue wasomaji kwa kuwataka "wajitambulishe la sivyo watolewe". Anayesoma jibu la mwenzake akaenda kupima miguu yake kliniki amefaidika sawasawa na aliyeuliza. Ila kumbukeni upande wa pili wa hesabu hiyo: mkisema "kundi linataka hivi", mara nyingi mnasema watu wawili wanataka hivi.

Linaharibika wapi

Chukulia ujumbe huu, umeingia saa tano usiku: "Baba amepima sukari 30, amelegea, tumpe nini?"

Mashine za kupimia sukari hutumia vipimo viwili. Baadhi huonyesha mmol/L, nyingine mg/dL, na mmol/L moja ni sawa na mg/dL 18. Sukari ya 30 kwa mg/dL ni sawa na 1.7 kwa mmol/L: imeshuka vibaya sana, na mtu anahitaji sukari mara moja. Sukari ya 30 kwa mmol/L ni 540 kwa mg/dL: imepanda vibaya sana, na kumpa soda ni kumwongezea hatari. Wanachama wawili wanajibu ndani ya dakika moja, kila mmoja akifikiria mashine ya nyumbani kwake. Mmoja anaandika "mpe maji ya sukari haraka", mwingine "msimpe kitu chochote kitamu". Wote wawili wana nia njema, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi au wamekosea, kwa sababu mwulizaji hakutaja kipimo. Familia inabaki na majibu mawili yanayopingana huku dakika zikienda.

Mfano huu unaonyesha kwamba hatari kubwa ya kundi la wagonjwa haitoki kwa mwongo. Inatoka kwa mtu mwema anayejibu haraka akiwa na habari pungufu. Dawa yake ni kanuni mbili. Kwanza, hakuna namba bila maelezo: kila anayeandika kipimo ataje namba, kipimo cha mashine (mmol/L au mg/dL), saa aliyopima, amekula lini na anajisikiaje. Asiyetaja, jibu pekee linaloruhusiwa ni kumwuliza. Pili, dharura haijadiliwi kundini. Aliyelegea, anayechanganyikiwa au aliyezimia apelekwe hospitali, na aliyezimia asitiwe chochote mdomoni. Ujumbe wenye maneno hayo, pamoja na namba ya simu ya dharura ya eneo lenu, ubandikwe juu kabisa ya kundi na usiondolewe kamwe.

Uzushi ndio unaofuata. Mwaka 2018 watafiti Vosoughi, Roy na Aral walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari takriban 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na waliozisambaza hasa walikuwa watu, si programu za kompyuta. Uongo ulikuwa mpya na wa kushangaza kuliko ukweli, na watu hupenda kuwa wa kwanza kuleta jambo jipya. Kwa wagonjwa wa kisukari uzushi huu una sura inayojulikana: majani fulani, mbegu fulani au unga fulani "unaomaliza sukari kabisa", pamoja na namba ya muuzaji. Madhara yake makubwa hayako kwenye majani yenyewe. Yako kwenye sentensi inayofuata: "mimi nimeacha sindano". Mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Ujumbe wa aina hiyo usingoje mjadala. Msimamizi aufute kwanza, halafu aeleze kundi kwa nini ameufuta.

Wafundisheni pia wanachama kusoma alama. Kwenye WhatsApp, ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwenu, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kanuni rahisi ninayoipendekeza ni hii: kundini haipokelewi habari ya afya yenye mishale miwili, hata ikiwa inaonekana ya kweli. Anayetaka kuileta aieleze kwa maneno yake na aseme imetoka wapi. Wengi wataacha hapohapo.

Kuhusu siri, wazee wenu wanaona mbali. Mara nyingi tunaambiwa WhatsApp ni salama kwa sababu ujumbe umefungwa kwa msimbo kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na ni kweli, tangu 2016. Lakini ufungaji huo unamzuia mtu wa nje. Haumzuii mwanachama kupiga picha ya skrini na kuituma kwa shemeji yako. Katika kundi la watu 200, kila ujumbe una nakala katika simu 200, na nyingine hushikwa na watoto, wenzi na mafundi simu. Aidha, kwa desturi namba za wanachama huonekana kwa wote, kwa hiyo kuwa kundini tu ni kutangaza kwamba una kisukari.

Vitu vidogo hupunguza hatari hiyo sana. Jina la kundi lisitaje ugonjwa, kwa sababu huonekana kwenye skrini simu ikiwa mezani. "Marafiki wa Jumamosi" linatosha. Picha ya kundi nayo isiwe sindano wala mashine ya kupimia. Karatasi za majibu ya maabara zisitumwe zikiwa na jina na namba ya faili. Mtu akate sehemu hiyo ya picha au aandike namba kwa mkono. Picha zitumwe kama picha, si kama faili, kwa sababu faili inaweza kubaki na taarifa za mahali ilipopigwa. Na mwanachama aambiwe waziwazi kabla ya kuingia kwamba hakuna msimamizi anayeweza kumhakikishia usiri.

Wizi wa akaunti ni jambo la kila siku katika makundi, na unafanyika hivi. Mwizi anaingiza namba yako kwenye simu yake, na tarakimu sita za uthibitisho zinakuja kwako kwa meseji. Kisha unapata ujumbe kutoka kwa mwanachama unayemfahamu, ambaye akaunti yake imeshaibwa: "Samahani, nimekosea nikatumia namba yako, nirudishie hizo tarakimu." Ukizituma, akaunti yako imekwenda. Baada ya dakika chache "wewe" unaomba mkopo wa dharura kwa wanachama wote. Kinga ni kila mtu kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, kwenye mipangilio ya akaunti na kuweka barua pepe ya kurejeshea. Aliyeibiwa asajili upya namba yake kwenye simu yake. Tarakimu mpya zikiingizwa, mwizi anatolewa. Ikiwa mwizi ameweka namba ya siri yake mwenyewe, mwenye akaunti atangoja siku saba, lakini mwizi naye hayumo tena. Msimamizi atoe namba iliyoibiwa mara moja, atangaze, na asiirudishe mpaka apige simu asikie sauti ya mwenyewe.

Ugomvi utakuwepo. Mwanasaikolojia John Suler alieleza mwaka 2004 kwa nini watu huandika wasiyothubutu kuyasema ana kwa ana: hawaonekani, hawaoni uso wa wanayemwambia, na jibu haliji papo hapo. Katika kundi la watu wanaofahamiana tatizo hili ni dogo, na hukua kadiri wageni wanavyoongezeka.

Kuna madhara mengine ambayo wachache huyataja nami nayaona mazito: kundi hula mkutano. Baada ya miezi michache mambo yanaamuliwa usiku kwenye simu, na wasio na simujanja au bando wanakuja mkutanoni kukuta kila kitu kimeshapita. Mara nyingi hao ndio wazee na ndio wagonjwa wa muda mrefu. Andikeni kwenye kumbukumbu za chama kwamba kundi linaweza kujadili, lakini uamuzi wowote wa fedha, uongozi au uanachama hufanywa mkutanoni tu. Nanyi kila mwezi mpeleke mkutanoni karatasi moja yenye maswali na majibu bora ya mwezi, isomwe kwa sauti.

Swali lilelile, na uchaguzi wa chombo

Kitu kinachoua makundi mengi mazuri hakina kelele. Ni swali lilelile kuulizwa kwa mara ya arobaini. "Naweza kula embe?" Mwanachama mzoefu hujibu vizuri mara ya kwanza, ya pili na ya kumi. Mara ya ishirini hujibu kwa mkato, kisha hunyamaza, kisha hujitoa. Wanaobaki ni wapya wakijibiana, na ubora wa majibu unashuka bila mtu kujua kwa nini.

Tatizo hili ni la tangu mwanzo. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, ulikuwa ukipokea wimbi la wanafunzi wapya kila Septemba, mwezi wa kufungua vyuo. Wakongwe walitumia wiki kadhaa kuwafundisha adabu za mahali, kisha mambo yanatulia. Katika miaka ya 1993 na 1994 kampuni za kibiashara za intaneti ziliwafungulia wateja wao mlango wa Usenet, na wimbi halikuisha tena. Jamii ile ilituachia dawa ambayo bado inafaa: orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara pamoja na majibu yake, inayosahihishwa na kuwekwa upya kila baada ya muda. Anzeni na maswali 15. Kila jibu lisizidi sentensi sita, likaguliwe na mtu wa afya, na liwe na tarehe ya kukaguliwa.

Hapa chombo mnachochagua kina uzito. WhatsApp kila mtu anayo, na hiyo ni sababu nzuri ya kuanza nayo, lakini ni chombo cha mazungumzo. Jibu la jana limeshafunikwa na salamu za leo, na mwanachama mpya kwa kawaida hakuti yaliyosemwa kabla yake. Pia haina njia ya kumnyamazisha mtu mmoja kwa muda. Ama yumo, ama ametolewa. Telegram inaruhusu kugawa kundi kwa mada, kuficha namba za simu, kumzuia mtu mmoja kuandika kwa siku kadhaa, na kumwonyesha mgeni yaliyopita. Lakini jueni kwamba makundi yake hayafungwi kwa msimbo kuanzia simu hadi simu kama ya WhatsApp. Jukwaa la tovuti, linalojengwa kwa programu huria kama phpBB au Discourse, ndilo bora kwa kutunza maarifa: kila swali lina kichwa, lina uzi wake, na linatafutika baada ya miaka mitano. Gharama yake ni kodi ya seva, na mtu wa kusasisha programu na kufuta matangazo ya ulaghai.

Kwa watu 200 ninyi anzeni na WhatsApp kwa mazungumzo, na hati moja ya mtandaoni, inayosomeka kwa wote na kuhaririwa na wasimamizi tu, kwa maswali na majibu. Mkifika watu 500 au mkianza kupokea wa vyama vingine, hamieni kwenye chombo chenye mada.

Kufungua

Msiwaingize watu 200 siku moja. Anzeni na 20 hadi 30, wakiwemo wanaopenda kueleza na wawili watatu wanaopinga, kwa wiki nne. Watumie muda huo kuuliza maswali halisi na kujibu, ili anayeingia baadaye akute mfano wa namna watu wanavyoongea humo. Baada ya hapo ongezeni kama 30 kila wiki.

Kwenye ruhusa za kundi, wekeni kwamba wasimamizi tu ndio wanaobadilisha jina na picha, na kwamba kila anayeingia anaidhinishwa na msimamizi. Linki ya mwaliko isibandikwe mahali pa wazi. Ikivuja, ibatilisheni mtoe mpya. Anayeingia apigiwe simu au atambuliwe na mwanachama mmoja. Wauzaji wa dawa huingia kwa upole na hukaa kimya wiki mbili kabla ya kuanza kuwaandikia watu faragha, kwa hiyo waambieni wanachama wawaripoti wanaowaandikia pembeni.

Kanuni zisizidi tano. Zangu zingekuwa: taja kipimo na saa; usimwambie mtu aongeze, apunguze wala aache dawa; usiuze kitu, kundini wala pembeni; yanayoandikwa humu hayatoki; salamu na picha za kutakiana asubuhi njema ziwe na siku yake moja. Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini kelele ndiyo inayowafanya watu wazime arifa, na aliyezima arifa hajibu swali. Kanuni hizo ziwekwe mbele ya macho, si kwenye faili. Mwaka 2019 mtafiti J. Nathan Matias alichapisha jaribio lililofanywa katika mijadala 2,190 ya sayansi kwenye Reddit, tovuti ya majadiliano. Pale kanuni zilipoonyeshwa juu ya mjadala, wageni waliozifuata waliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wa wageni ukapanda kwa asilimia 70 kwa wastani. Viongozi wengi huogopa kwamba kanuni zitawafukuza watu. Matokeo hayo yanaonyesha kinyume.

Adhabu ziende kwa ngazi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliona katika jamii zilizofaulu kutunza malisho, misitu na maji ya pamoja kwamba mkosaji huanza na adhabu ndogo, inayopanda akirudia. Kwenu iwe hivi: kosa la kwanza, ujumbe wa faragha wenye upole, la pili, ujumbe wake unafutwa na sababu inaelezwa, la tatu, anatoka kwa siku saba, la nne, uongozi unaamua. Anayeuza dawa ya kumaliza kisukari au kuvujisha siri ya mwenzake hapandi ngazi hizo. Anatoka siku hiyohiyo.

Wasimamizi watatu wagawane siku, na kila mmoja awe na siku mbili kamili za kupumzika kwa wiki. Usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, kundi lifungwe ili wasimamizi tu waweze kuandika. Najua hili linapunguza ile faida ya kujibiwa saa nane za usiku niliyoitaja mwanzo. Nalipendekeza kwa miezi mitatu ya kwanza kwa sababu saa hizo ndizo ambazo ujumbe wa hatari hukaa bila kuonwa na msimamizi.

Daktari au muuguzi wa kisukari mumwalike, lakini msimfanye mwanachama wa kawaida. Akiwa humo muda wote, kila swali litamngoja yeye, wanachama wataacha kusaidiana, naye atachoka ndani ya mwezi. Apewe saa moja kwa wiki inayojulikana. Msimamizi akusanye maswali matano siku mbili kabla, ayaondolee majina, ampelekee, na majibu yake yaingie kwenye hati. Asitoe dozi kwa mtu mmoja mmoja humo, kwa sababu hajampima, na aliyesoma jibu la mwenzake atalitumia yeye pia.

Wekeni nakala. Kampuni zinazomiliki vyombo hivi hufunga zinapotaka: Yahoo Groups ilifutiwa maandishi ya miaka mingi mwishoni mwa 2019 na kufungwa kabisa Desemba 2020, na Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Ile hati ya maswali na majibu ishusheni kila mwezi na kuihifadhi kwenye kompyuta ya chama, pamoja na nakala moja ya karatasi. Mazungumzo yenyewe msiyatunze. Washeni ujumbe wa kutoweka baada ya siku 90, ili siri za watu zisibaki kwenye simu zilizopotea na kuuzwa.

Mwisho wa mwezi wa tatu pimeni. Msihesabu idadi ya ujumbe, kwa sababu ugomvi nao huongeza ujumbe. Hesabuni maswali mangapi yamejibiwa ndani ya saa 24, watu wangapi tofauti wameandika angalau mara moja, jumbe ngapi zimefutwa kwa hatari, na wangapi wametoka. Hao wa mwisho wapigieni simu muwaulize sababu. Ikiwa chini ya nusu ya maswali yanajibiwa, au msimamizi mmoja ndiye anayefanya kazi yote, lifungeni kwa tangazo la wiki mbili, mwape wanachama hati ya maswali na majibu, na mrudi kwenye mkutano hadi mpate watu wa kulilea.